Alinijibu "Haya", mengine nikayamaliza mwenyewe

Shikamoo Bi Mshauri.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 31, nakaa Wete, Pemba. Nashona kofia za mkono nyumbani. Mume wangu anafanya kazi kwenye boti inayokwenda baina ya Unguja na Mkoani, kwa hiyo analala nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki, nyengine yuko safarini. Tumeoana mwaka wa nane huu. Tuna mtoto mmoja wa miaka sita, yuko skuli. Mume wangu hajapata kunipiga wala kunitukana, na matumizi analeta.

Tabu yangu ni akili yangu. Nikimtumia ujumbe asubuhi nikaona tiki moja, naanza kuhesabu. Zikija mbili na asijibu, mimi nimeshajua: ananidharau. Mara anajibu neno moja tu, "Haya." Hiyo "Haya" nashinda nayo kutwa, sindano mkononi, naipindua huku na huku. Ikifika magharibi kesi imeshakamilika, shahidi mimi, hakimu mimi. Anaporudi nyumbani ameshahukumiwa na hajui. Simgombezi, nanuna. Naweka chakula naondoka. Akiuliza nina nini, nasema sina kitu.

Si kwake tu. Kwenye arusi moja Chake wifi yangu alipita mbele yangu bila ya kunisalimia. Nikasema huyu ananidharau kwa kuwa mchango wangu ulikuwa mdogo. Sikumsemesha wiki mbili. Baadaye nikasikia kwa mama mkwe kwamba siku ile jino lilikuwa linamuua, shavu limemvimba, anatafuta dawa. Niliona haya. Lakini radhi sikumwomba, kwa sababu ingebidi nimwambie nilikuwa nikimuwazia nini.

Sasa lililonifanya niandike. Wiki tatu nyuma, usiku amelala, nilifungua simu yake. Nikakuta ujumbe wa mwanamke, jina amelihifadhi: "Nashkuru sana, Mungu akulipe kheri. Basi nitakungoja Ijumaa." Juu hakuna kitu, chini hakuna kitu. Na Ijumaa ile kweli, badala ya kufika alasiri kama kawaida, alifika baada ya isha. Nilipomuuliza akasema ni tabu ya gari. Siwezi kumuuliza mwanamke huyo ni nani, maana ataniuliza nimejuaje. Na siwezi kukaa kimya, maana tangu siku ile silali zaidi ya masaa manne.

Mama yangu ananambia nina moyo mwepesi, niache kuwaza. Nimejaribu kuacha, kadiri ninavyojikataza ndivyo yanavyonijia. Shoga yangu, ambaye nilimueleza, anasema nimefanyiwa, kuna mganga anaweza kunitajia mtu. Kuna siku nafikiri nimchukue mtoto nirudi kwetu, mume yuko baharini, akija akute mlango umefungwa. Ikiwa mume ananidharau nibakie kwa lipi? Halafu saa nyengine najiuliza, au mimi ndiye niliyeharibika akili?

Jana mtoto kaniuliza, "Mama, umenikasirikia mimi?" Nikamwambia hapana, kula wali wako.

Mwenye Dukuduku, Wete


Marahaba, mwanangu.

Neno "ananidharau" umeliandika mara tatu, mara mbili juu ya mumeo na mara moja juu ya wifi yako. Nimetafuta ndani ya barua mahala ambapo mmoja wao alisema au alitenda jambo ambalo mtu mwengine aliyekuwepo naye angeliita dharau. Nimekuta tiki, nimekuta "Haya", na nimekuta mtu aliyepita na shavu lililovimba. Huenda yapo mengine hukuyaandika, na wewe ndiye unayeishi humo ndani. Lakini kwa yaliyomo kwenye karatasi, dharau yenyewe bado sijaiona.

Ujumbe wa Ijumaa ni jambo jengine. Huo upo, uliusoma kwa macho yako, na kuchelewa kulitokea. Naona mambo haya mawili umeyafunga kwa kamba moja na ndiyo maana hayafunguki. Ukiyaacha pamoja, utamhukumu mume kwa mazoea yako ya kuwaza, au utajiambia "ni akili yangu tu" na kulimeza suala lenye haki ya kuulizwa. Mtu mwenye tabia ya kudhania vibaya naye huwa anakosewa kweli siku moja moja. Basi tuyatenganishe.

Nianze na mazoea. Kwetu sisi yana jina, dhana mbaya, na aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatutaka tujiepushe nayo. Aya hiyo hiyo, baada ya dhana, inakataza kupelelezana, na baada ya hapo inakataza kusengenyana. Itazame barua yako: tiki, kisha simu usiku, kisha shoga. Ngazi ni ile ile. Sikutajii aya kukuongezea mzigo wa dhambi juu ya mzigo wa usingizi. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba ulianza kuteremka kabla ya kuishika simu, na pale pa mwanzo ndipo penye kazi yako.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kwa wagonjwa wake wenye huzuni nzito kwamba baina ya tukio na maumivu hupita sentensi fupi, ya haraka sana, ambayo mwenyewe haioni kuwa ni wazo. Anaipokea kama habari iliyothibitishwa. Wewe tukio lako ni "Haya", maumivu ni kununa, na sentensi iliyopita katikati ni "ananidharau". Tiba iliyotokana na kazi yake haimtaki mtu awaze mazuri kwa nguvu. Inamtaka aikamate ile sentensi ikiwa njiani na kuiuliza umetoka wapi.

Ndiyo maana ushauri wa mama, pamoja na mapenzi yote yaliyomo, haukukusaidia. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko huko Marekani, waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zikawa zinalia. Kisha waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko watu ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wazo unalolifukuza lazima ulichungulie kila mara kujua kama limeondoka, na kule kuchungulia ndiko kunakolirudisha. Kwa hiyo usijikataze. Andika.

Chukua daftari la skuli la kawaida. Kila siku, mara moja, baada ya sala ya alasiri, kaa dakika kumi na tano, usizidishe, na usifanye hivi usiku kitandani. Chagua jambo moja lililokuchoma siku hiyo. Mstari wa kwanza andika kilichotokea kama kingenaswa na kamera: saa ngapi, wapi, maneno gani. Mstari wa pili andika sentensi iliyokupita kichwani. Wa tatu, unaiamini kiasi gani, kutoka 0 mpaka 100. Wa nne, maelezo mengine mawili yanayowezekana, hata kama huyapendi. Wa tano, unaiamini kiasi gani sasa. Wiki mbili za mwanzo andika mistari miwili ya juu tu. Wengi hurukia wa nne kwa pupa ya kupata nafuu, kisha wanaona daftari halina maana, kwa sababu mstari wa kwanza wameuandika vibaya.

Na kosa lipo hapo kwenye mstari wa kwanza. "Alinijibu kwa dharau" si mstari wa kwanza. "Saa tano na robo aliandika Haya" ndio. Neno lolote linaloeleza moyo wa mtu mwengine (amekusudia, amechoka nami, hajali) lishuke mstari wa pili. Siku za mwanzo utashangaa mstari wa kwanza ulivyo mfupi na wa pili ulivyo mrefu. Wewe ni mshonaji, unajua kushika kofia kwenye mwanga na kutafuta mshono uliokosea uliposhika, na ukifumua unafumua ule tu.

Ukifika mstari wa tano usitarajie sifuri. Kutoka 90 mpaka 60 ni kazi nzuri. Ukijiona umeshuka mpaka sifuri siku ya tatu ya kuuandika, huenda umejidanganya ili umalize zoezi, na usiku litarudi lote. Hatari nyengine ni daftari kugeuka faili la mashitaka. Ukijiona unarudi nyuma kuhesabu makosa yake ya mwezi mzima, chana kurasa hizo uendelee na ya leo.

Wazo likikujia nje ya wakati wake, asubuhi uko na sindano, liandike kwa neno moja kwenye kipande cha karatasi, "tiki", basi, na ulipe ahadi ya alasiri. Alasiri ikifika, mengi utayakuta yamepoa. Yasiyopoa ndiyo ya kufanyia kazi. Na maneno mazuri unayoyajua kuhusu mumeo yaandike sasa, siku uliyotulia, ukurasa wa mwisho. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alishauri mtu ajiwekee akiba ya fikra njema akiwa salama, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa. Ukishanuna huwezi kuyakumbuka, hata ungelipwa.

Tiki nazo. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake: imezimwa, au hakuna mtandao, na mkondo baina ya visiwa viwili una sehemu nyingi zisizo na mtandao. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu. Za buluu, umefunguliwa, ikiwa hajaizuia alama hiyo. Kumuona yuko hewani kunakwambia programu iko wazi, hakukwambii anazungumza na nani. Hakuna alama hata moja ya hizo inayopima mapenzi. Sikwambii uzime simu. Kukata ghafla huongeza wahka. Weka nyakati mbili za kutazama, baada ya adhuhuri na kabla ya magharibi, na kabla ya kutazama andika utabiri wako: "Hatojibu mpaka kesho." Kisha linganisha. Siku tatu au nne za mwanzo wahka utapanda, na hapo ndipo watu wengi huacha wakidhani zoezi limewadhuru. Mkono uliozoea kunyanyua simu kila robo saa lazima ulalamike ukizuiliwa.

Sasa ujumbe. Sijui mwanamke yule ni nani na wewe hujui. Mtu wa boti hupewa vifurushi na kila aina ya watu: dawa ya mgonjwa, pesa za mtoto, ndoo ya samaki. "Nashkuru, Mungu akulipe, nitakungoja Ijumaa" inaingia vizuri humo. Inaingia pia kwengine. Ujumbe mmoja hautoshi kuamua, na usiniruhusu mimi wala mtu mwengine akuamulie kutoka mbali.

Una njia ya kumuuliza bila ya kutaja simu. Utasema, "Ijumaa ile ulichelewa, nilipata wahka, ulikuwa wapi?" Ni suala halali na mke ana haki nalo. Hatari yake ni kwamba unauliza jibu moja huku umeshika jengine mfukoni. Akisema "gari" kwa mara ya pili, hutoridhika, utauliza tena kwa mlango mwengine, na yeye atahisi anatafutwa. Na siku ukweli wa simu ukitoka, utatoka pamoja na wiki zote ulizomtega.

Njia ya pili ni kukiri kwanza. Hii inakugharimu zaidi mwanzo. Anaweza kukasirika, anaweza kubadilisha namba ya siri ya simu, na utasema "unaona, anaficha", kumbe hasira ya mtu aliyepekuliwa na hofu ya mwenye kosa kwa nje hufanana. Faida yake ni kuwa baada ya hapo huna cha kuficha, na jibu lake litakuwa jibu la suala lako la kweli. Ukiichagua, angalia wakati. Si siku anayofika, maana kutoka Mkoani mpaka Wete juu ya kazi ya boti mwili haupo. Mwache ale, alale. Siku ya pili, mtoto yuko skuli, mwambie unataka dakika kumi. Si kwa sauti ya WhatsApp. Maneno yawe ya mistari yako miwili: "Nimefanya kosa, nilifungua simu yako. Niliona ujumbe huu. Kichwa changu kikanambia una mtu. Sijui kama ni kweli, nataka kusikia kwako." Kisha nyamaza mpaka amalize. Hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu, kwa sababu akili yako itakuwa inaandika hukumu yeye hajafika nusu.

Mmoja wenu moyo ukianza kwenda mbio, simamisheni. Mwili ulioshituka unahitaji kama dakika ishirini kutulia, na katika muda huo hakuna anayesikia la mwenziwe. Sisi tumefundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama na akae. Kaa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, dakika tano. Lakini unapoondoka taja saa ya kurudi: "Tuendelee baada ya adhuhuri." Ukimya wenye saa ya kurudi ni mapumziko. Usio na saa, mwenzio hawezi kuutofautisha na kununa, na yeye pia ana akili inayojaza nafasi zilizo tupu. Hebu fikiri miaka minane ya "sina kitu" ameijaza kwa maneno gani.

Njia ya tatu ni kusubiri wiki tatu au nne, ufanye daftari kwanza, kisha uamue kuuliza vipi. Ina busara, ila tu usingizi wako ukubali. Ukiona unasubiri kwa sababu unaogopa, na masaa manne yamekuwa matatu, kusubiri kumeshakuwa ugonjwa mwengine.

Ama kubeba begi yeye yuko baharini, nakuomba uitenge na hizo. Kwenda kwenu siku tatu kupumzika, kwa kuagana na kutaja siku ya kurudi, ni jambo jepesi. Kumfungia mlango mtu asiyejua kosa lake kunaingiza wazee wa pande mbili, na kila mmoja atakuja na dhana yake. Wazee wana nafasi yao, na Mahkama ya Kadhi ina nafasi yake, hasa ikiwa utauliza kwa uwazi na majibu yakawa yanabadilika kila siku, au matumizi yakakatika, au siku moja akakunyanyulia mkono. Hilo la mwisho halingojei daftari.

Kuhusu mganga, kisomo na dua havina ubaya. Lakini anayekutajia jina la mtu atakuwa amekujazia mstari wa pili bila ya kukuuliza wa kwanza, tena kwa malipo.

Umeuliza kama umeharibika akili. Barua yako imepangwa, unakumbuka, unajikosoa mwenyewe kwa habari ya wifi. Hiyo si akili iliyoharibika. Ila wiki tatu za masaa manne zinamfanya yeyote aone vivuli. Nenda hospitali ya Wete au Chake Chake, umwambie daktari wazi wazi kwamba hulali na tangu lini. Na kama chakula hakipandi, au limekujia wazo kwamba bora usingekuwepo, nenda leo, usingoje alasiri wala daftari. Wakikupeleka mbele zaidi, hata Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, jina lile lisikutishe. Huko wanakwenda na watu wasiolala kama wewe.

Kwa wifi yako nadhani unaweza kuanzia huko, kabla ya mume. Deni ni dogo na jibu unalijua. "Siku ya arusi nilikuona umepita nikachukia, sikujua una jino. Niwie radhi." Huhitaji kueleza ulimuwazia nini kwa urefu. Tazama tu uso wake ukisema, kisha alasiri uandike ulichotabiri na kilichotokea.

Na mtoto. Ana miaka sita, ameona uso, ameambiwa hapana, kabaki na nafasi tupu, na ameshaijaza: ni mimi. Akikuuliza tena usimwambie hapana. Mwambie, "Ndio, mama hakulala vizuri na moyo wangu mzito kidogo. Wewe hukufanya kitu." Kisha mle pamoja.